Harusi ya Punda Isiyo na Bwana

Paukwa.

Pakawa.

Wale wa nyuma sijawasikia, mnatafuna nini? Paukwa.

Pakawa.

Haya, tukae vizuri. Zamani sana, enzi ambazo wanyama walikuwa na kamati ya kila jambo, palikuwa na kilima kikavu kiitwacho Vumbini. Juu ya kilima waliishi wanyama. Chini ya kilima kilipita kijito. Kati ya kilima na kijito palikuwa na njia. Na katika njia hiyo, asubuhi, mchana na jioni, palikuwa na Punda.

Punda huyu alikuwa jike, mpole, mwenye masikio marefu na maneno machache. Kazi yake ilikuwa kuteka maji. Kibuyu kimoja kulia, kibuyu kimoja kushoto. Akishuka, kwata-kwata-kwata. Akipanda, kwaata, kwaata, kwaata. Safari sita kila siku.

"Dada Punda, nijazie mtungi, nina wageni."

"Punda, na kwangu upite."

"We Punda, jana hukunijazia mpaka juu."

Akajaza. Akapita. Akajaza mpaka juu. Jioni akarudi kwake, akachungulia mtungi wake mwenyewe. Mkavu. Jirani yake alikuwa Ngiri, mzee asiye na mke wala ndoo. Akasema kutoka ng'ambo ya ua.

"Punda, nimechukua maji yako kidogo. Nilikuwa na kiu."

"Umeniachia mengine?"

"Nilikuwa na kiu sana."

Ndivyo ilivyokuwa. Miaka minane Punda alibeba maji, na maji yenyewe hayakuwahi kumgusa ila yale yaliyomwagika. Manyoya yalishikana kwa vumbi na jasho. Kamba ilimchuna bega. Na mgongoni, mgongoni tumwachie Shashi aseme, maana ndiye aliyekaa huko. Shashi ni ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu, na kazi yake ni kuwatoa kupe wanyama wakubwa.

"Shoga," alisema Shashi, "nimefanya kazi kwa Nyati, nimefanya kazi kwa Kifaru. Mgongo kama huu sijauona. Kupe wa hapa wana wajukuu. Juzi nimewakuta wanafanya kikao."

"Wameamua nini?"

"Wameamua kubaki."

Siku moja kamba ikakatika. Pwa. Kibuyu kikaanguka, kikabingirika na mteremko, gulu-gulu-gulu, kikapita mahali pa kutekea maji, kikaenda chini zaidi, kikaingia kwenye matete. Punda akakifuata. Akayasukuma matete kwa pua. Nyuma ya matete palikuwa na bwawa.

Bwawa dogo tu. Upana wake punda wawili, urefu wake punda watatu. Maji yalitelemka juu ya mwamba, chii, chii, yakatulia hapo kwanza, kisha yakaendelea na safari yao. Kokoto zilionekana moja moja. Kando palikuwa na mchanga mwembamba na vichaka vya vumbasha, ule mmea wenye harufu kali nzuri. Hapakuwa na mtungi. Hapakuwa na wa kusema nijazie.

Punda akaweka kwato moja majini. Baridi ikampanda mpaka masikioni. Akaitoa. Akairudisha. Akaweka ya pili. Kisha chubwi, akaingia mpaka tumboni, akasimama.

"Sasa unafanya nini?" Shashi akauliza.

"Nimesimama."

"Mpaka saa ngapi?"

"Sijui."

Akasimama. Pumzi yake, iliyokuwa fupi miaka minane, ikawa ndefu. Chozi moja likamtoka, likadondoka bwawani, na bwawa halikuuliza ni la nini.

Tangu siku hiyo Punda akawa na saa yake. Jogoo akiwika, yeye yuko njiani, bila vibuyu. Kwanza alikunywa, taratibu, kama mgeni aliyekaribishwa. Kisha chubwi, akasimama mpaka pumzi ikawa ndefu. Kisha Shashi akafanya kazi yake, to-to-to, na ukoo wa kupe ukahamishwa mmoja mmoja. Kisha Punda akatoka, akagaagaa mchangani, bruu, miguu juu kama meza iliyopinduliwa. Kisha akajisugua shingo kwenye vumbasha. Mwisho akatafuna kijiti cha mswaki, kwa sababu meno nayo yanahitaji mtu wa kuyajali. Jua likichomoza alikuwa amekwisha panda kilima, amefunga vibuyu, ameanza safari ya kwanza kati ya sita.

Maji ya watu hayakupungua hata tone. Saa hiyo moja tu ndiyo ilikuwa yake. Mtu angemnyang'anya hiyo, Punda angebaki kuwa kibuyu chenye miguu.

Sasa, pale Vumbini alikuwapo Bi Mbuni. Mnamjua mbuni, shingo yake ndefu, jicho lake kubwa. Bi Mbuni alikuwa kungwi wa kilima kizima. Yeye ndiye aliyewafunda mabibi harusi wote, akawaogesha, akawapaka manukato, akawaimbia. Arobaini, na wote aliwahesabu. Asubuhi moja Punda akapita mbele yake na vibuyu. Bi Mbuni akanusa. Akainua shingo. Akanusa tena.

"Vumbasha," akasema peke yake. "Na manyoya yanang'aa. Na meno meupe. Na kila alfajiri nasikia kwato zake zikishuka."

Akaenda mbio kwa Fisi. Fisi alikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi, na wala msiniulize kwa nini alipenda sana cheo hicho.

"Mwenyekiti, Punda anaolewa."

Fisi akaketi wima. "Na nani?"

"Hilo sijalijua. Lakini anaoga kila alfajiri na kujinukiza. Mimi ni kungwi, dalili nazijua. Mwanamke hajipambi hivyo bure."

Wakamwita Shashi. Shashi akaja, akasimama kwenye tawi, akajua mara moja kwamba leo yeye ni mtu muhimu.

"Shashi," akasema Fisi, "Punda huenda wapi alfajiri?"

"Siruhusiwi kusema."

"Kuna mtu huko?"

"Siruhusiwi kusema kama yupo, na siruhusiwi kusema kama hayupo."

Fisi na Bi Mbuni wakatazamana. Basi, yupo.

Bi Mbuni akamwendea Punda nyumbani. Akaketi, akakunja miguu yake mirefu, akalegeza sauti.

"Mwanangu, usinione haya. Mimi ni mama yako. Anatoka wapi?"

"Nani?"

"Bwana."

"Bwana gani, Bi Mbuni? Hapana, hakuna bwana."

Bi Mbuni akatabasamu. Kwa maana ilikuwa desturi ya Vumbini kwamba bibi harusi mwenye adabu hukana. Akikubali upesi, watu husema ana pupa. Hukana mara ya kwanza kwa haya, mara ya pili kwa heshima ya wazazi, mara ya tatu kwa kuaga ujana wake. Hapo ndipo vigelegele hupigwa.

"Vizuri," akasema Bi Mbuni. "Hiyo moja. Kwa hiyo huolewi?"

"Hapana, siolewi."

"Mbili. Na hatutaandaa harusi?"

"Hapana, msiandae."

Bi Mbuni akasimama, akafungua mdomo wake mpana, akapiga kigelegele kilichowaangusha njiwa watatu kutoka kwenye paa. Punda akamgeukia Shashi.

"Nimesema nini?"

"Umesema hapana," akajibu Shashi. "Umeisema kwa adabu sana. Ndiyo kosa lako."

Jamani, kamati ikakaa. Fisi akawa mwenyekiti wa harusi, mkuu wa chakula, mkuu wa kuonja chakula, na msaidizi wa mkuu wa kuonja chakula. Wakachagua ngoma. Wakachagua sare. Wakabishana siku nzima kama bwana harusi ni Pundamilia wa bondeni au mgeni kutoka mbali. Na harusi, mnajua wenyewe, inataka maji. Maji ya kuosha mchele. Maji ya sufuria. Maji ya wageni. Sasa nani atateka?

"Punda," akasema Fisi, "safari ziwe kumi na mbili wiki hii. Kuna shughuli."

"Shughuli ya nani?"

"Yako."

Punda akateka maji ya harusi yake mwenyewe. Kwaata, kwaata, kwaata. Bega likachunika upya. Akapita kila mlango akisema hakuna harusi, na kila mlango ukamjibu kwa kicheko kitamu, ukasema huyu binti kafundwa kweli. Usiku mmoja kabla ya siku yenyewe, Fisi akamwambia neno la mwisho.

"Kesho uanze jogoo akiwika. Pilau linataka maji mapema. Tena si kesho tu. Umekwisha zoea kuamka, basi tangu sasa safari ya kwanza iwe alfajiri. Saa hiyo uko bure."

Punda alikwenda kwake akasimama gizani. Saa ileile. Katika siku nzima ya Mungu, wameona saa ileile ndiyo bure.

Jogoo akawika. Kokoriko. Punda akatazama vibuyu. Vibuyu vikamtazama Punda. Akaviacha. Akashuka njia peke yake, kwata-kwata-kwata.

Hakujua kwamba nyuma yake kichaka kinatembea. Ndani ya kichaka alikuwamo Bi Mbuni, ingawa shingo ilibaki nje. Nyuma ya Bi Mbuni alikuwapo Fisi na ngoma. Nyuma ya Fisi alikuwapo Ngiri, amevaa kilemba. Nyuma ya Ngiri, kilima kizima.

"Kimya," Bi Mbuni alinong'ona. "Anamwendea. Tutawakuta wote wawili."

Punda akayasukuma matete. Akanywa. Chubwi, akaingia. Akafumba macho. Pumzi ikaanza kuwa ndefu.

Gudum. Gudum. Lililililili. Matete yakalala chini, na harusi nzima ikasimama ukingoni.

Ngoma ikaendelea kidogo, kisha ikapungua, kisha ikanyamaza, kwa sababu mbele yao palikuwa na maji, na ndani ya maji palikuwa na Punda mmoja.

"Bwana harusi yuko wapi?" akauliza Fisi.

"Hayupo."

"Amepiga mbizi?"

"Hayupo kabisa, mwenyekiti. Niliwaambia."

Bi Mbuni akanyoosha shingo, akatazama nyuma ya mwamba, akatazama chini ya vumbasha. Akarudisha shingo polepole.

"Sasa ulikuwa unaoga kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yangu."

Chura mmoja akataka kusema neno, akaghairi.

"Yaani," akasema Bi Mbuni, "unaamka alfajiri, unashuka kilima chote, unaoga, unajinukiza, unapiga mswaki, halafu hapana anayekuja?"

"Mimi nakuja."

Fisi akashika kichwa. "Haya maneno tutayazungumza baadaye. Mchele uko kwenye sufuria. Moto unawaka. Maji hakuna. Wageni wamekuja na matumbo matupu, mimi wa kwanza. Lazima leo mtu aolewe." Akatazama huku, akatazama huku. "Ngiri, wewe huna mke."

Ngiri akarudi nyuma hatua mbili, kilemba kikamwangukia jichoni. "Mimi sikuja kuoa. Nilikuja kula."

"Utakula baada ya kuoa."

"Basi sina njaa."

Bi Mbuni akamgeukia Punda, akajaribu tena ile sauti laini. "Mwanangu, Ngiri ni jirani, mnajuana. Usipoolewa, basi toka majini, chukua vibuyu, haya mambo ya kusimama tu kwenye maji uyaache. Watu watakuona vibaya."

"Hapana," akasema Punda.

"Hiyo tumekwisha hesabu."

"Hesabu tena. Nilikana mara tatu, mkapiga vigelegele. Hii ni ya nne. Sitaolewa na Ngiri, na sitatoka. Safari sita nitawatekea, kama siku zote. Lakini saa hii ni yangu, na leo nawaambia mbele ya ngoma yenu."

Wanyama wakamtazama Bi Mbuni. Bi Mbuni akahesabu kwa vidole vya miguu. Katika mabibi harusi arobaini, hakuna aliyewahi kufika hapana ya nne. Desturi ilikuwa imeishia tatu. Huko mbele hakukuwa na njia, wala wimbo, wala kigelegele.

"Ya nne," akasema polepole, "nadhani ni hapana."

"Upuuzi," akasema Fisi. "Mvuteni."

Mmewahi kumvuta punda asiyetaka? Basi mnajua. Punda hakupiga teke. Hakulia. Alikunja miguu tu, akalala ndani ya maji mpaka shingoni, akawa mzito kama mwamba wenyewe. Wakavuta masikio. Wakasukuma mgongo. Haya, pamoja, haruu. Hakuna. Haruu. Hakuna. Fisi akasema hamjui kazi ninyi, akashika mkia kwa mikono miwili, akakaza miguu kwenye jiwe lenye utelezi, akavuta.

Chubwiii.

Fisi akapotea. Mapovu yakapanda, blu, blu, blu. Kisha kichwa kikatokea, na vumbi la miaka mingi likaondoka na mkondo, likiyapaka maji rangi ya chai. Wanyama wakasogea.

"Mwenyekiti," akasema Ngiri, "kumbe una madoa."

"Nani ana madoa?"

"Wewe. Mgongo mzima."

Fisi akajipinda kujitazama. Ni kweli. Madoa meusi, mazuri, yamepangika. Akayagusa moja moja. Maji yakampitia mabegani, chii, chii. Ikapita dakika, zikapita mbili.

"Mwenyekiti, pilau," mtu akamkumbusha.

"Nakuja," akasema Fisi, na hakutoka. Akafumba macho. "Nani alijua maji yako hivi? Mimi huyaona kwenye mtungi tu."

Huko juu harufu ya mchele kuungua ikaanza kushuka. Hapo watu wakazinduka. Hakuna wa kuteka, Punda kalala, mwenyekiti kazama. Basi kila mmoja akashika alichokuwa nacho. Mmoja akajaza ngoma. Ngiri akavua kilemba, akakikunja, kikawa bakuli. Wakapanda kilima wakimwaga nusu njiani, wakihema, hee, hee, hee, na walipofika juu hapana aliyekuwa na nguvu ya kusema we Punda.

"Kumbe ni mbali hivi?" akauliza Ngiri, na akaketi chini.

Pilau lilikuwa ukoko mtupu. Wakalila, wakasema ni tamu, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameyatolea jasho maji yake.

Jioni Fisi akamwendea Punda, bado ana unyevu masikioni. "Dada Punda, kesho nije nami?"

"Hapana, mwenyekiti."

Fisi akainamisha kichwa. "Hiyo ni ya ngapi?"

"Ya kwanza, na inatosha. Kijito ni kirefu. Shuka nacho, utapata pako. Mimi pangu ni padogo, na hapafanyiwi mkutano."

Fisi akashuka, akapata pake, penye matope kidogo, akapapenda. Ngiri akapata pake, penye matope mengi. Na safari za Punda zikawa nne, kwa sababu wanaoshuka kuoga waliona aibu kupanda mikono mitupu.

Bi Mbuni peke yake alisema yeye hayumo katika mambo hayo. Mtu mzima, kungwi, akasimame majini bila sababu, watoto watamwonaje.

Kisha ikaja asubuhi moja. Punda alikuwa bwawani, Shashi mgongoni, to-to-to. Mbali kidogo, nyuma ya kona ya kijito, wakasikia maji yakirushwa, chwa, chwa, kwa uangalifu, kama ya mtu asiyetaka kusikika. Kisha sauti nzito ikaanza kuimba taratibu. Ulikuwa wimbo wa kumwogesha bibi harusi, ule wa siku ya kwanza, usemao inua mkono mwanangu, geuka mwanangu, wewe ni wa thamani. Bi Mbuni alikuwa amewaimbia arobaini. Leo hapakuwa na mwingine hapo ila yeye. Alipofika kwenye mwanangu, akarudi nyuma, akauanza ubeti upya, akaweka jina lake mwenyewe.

Shashi akainua kichwa. "Niende nikachungulie?"

"Usiende."

"Jicho moja tu."

"Shashi."

Punda akageuza masikio yake marefu upande wa mwamba, yote mawili, asikie maji tu.

Hayo ndiyo niliyotaka kuwaambia, wakubwa na watoto. Mafunzo yake ni haya. Anayewahudumia wengine naye ana mwili, na mwili huo una haki ya saa moja kwa siku: maji, usafi, utulivu, mahali pa kuvuta pumzi. Usingoje harusi ndipo ujitunze. Wakija kukuchukulia saa hiyo, sema hapana, na wasiposikia, sema tena mpaka wasikie. Na wewe ukimwona mwenzako amependeza, msalimie upite, usimtafutie bwana.

Hadithi yangu inatua mzigo hapa. Aliyekaa karibu na mlango aufungue, tukanawe miguu tulale.